Umeme wa Chumvi: Kabla Hujampeleka Mtoto Kupimwa Ubongo

Mwaka jana, siku ya soko, mama mmoja anayeuza unga wa mihogo Koboko alikaa mbele yangu, akafungua mfuko wa plastiki na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilijaa mistari myembamba inayopanda na kushuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na chini yake daktari alikuwa ameandika kwamba hakuona kasoro.

"Mwalimu," aliniambia, "hawa wanasema binti yangu hana kitu. Nimeuza mbuzi wawili kwa ajili ya karatasi hii. Na jana jioni ameanguka tena, nusura aangukie sigiri. Sasa niamini karatasi au niamini macho yangu?"

"Amini vyote viwili, mama."

Hakuridhika, na haki yake. Alikuwa amelipa nauli, amelala kwenye veranda ya hospitali, ameacha biashara siku nne, na njia nzima hakuna aliyemweleza kilichopimwa ni nini. Hilo ndilo linaloniuma. Nimefundisha sayansi Arua miaka mingi, na nimeona jinsi mzazi asiyeelezwa anavyokata tamaa, akatupa karatasi, akatupa na dawa. Makala haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mzazi wa Arua, Maracha, Yumbe au Koboko ambaye kesho ataambiwa, "Mpeleke mtoto apimwe umeme wa ubongo."

Neno umeme lisikutishe. Ubongo wa mwanao unatengeneza umeme, na wako pia, hivi sasa unaposoma. Katika Mto Naili yumo kambare wa umeme; mvuvi anayemshika kwa mkono mtupu hupatwa na ganzi hadi begani, na Wamisri wa kale walimjua kiasi cha kumchora kwenye kuta za makaburi yao. Samaki mkubwa wa aina hiyo hutoa zaidi ya volti 300. Ana maelfu ya seli bapa zilizopangwa pamoja, kila moja ikitoa umeme mdogo mno, na zote zinapoachia kwa mpigo mmoja ndipo mvuvi anapotupa wavu. Wanaotoa amri ya pigo hilo ni seli mbili tu kubwa za neva, moja kila upande wa mwili. Binadamu ana seli za neva karibu bilioni 86 kichwani, na hazimtikisi mtu anayemgusa, lakini ufundi wake ni ule ule: chumvi, ukuta na milango.

Sisi wa Arua tulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, tukitegemea jenereta ya dizeli na baadaye mtambo wa maji wa Nyagak, kwa hiyo tumezoea umeme unaotoka mbali kwa waya na kukatika utakavyo. Umeme wa neva hautoki mbali. Unatengenezwa pale pale unapotumika, kila sehemu ya njia ikitengeneza wake.

Na mtu wa Koboko hahitaji kufundishwa mpaka ni nini. Hapa Oraba, pale Kaya ya Sudan Kusini, kule Kongo na soko la Ariwara, na kila siku kuna watu na mizigo inayongoja lango lifunguliwe. Seli ya neva ni nchi yenye mpaka wa namna hiyo. Ukuta wake ni utando mwembamba wa mafuta. Nje ya utando imesongamana sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ndani imejaa potasiamu, ambayo ni nyingi kwenye ndizi na viazi vitamu. Zote mbili ni chembe zenye chaji, wanasayansi huziita ayoni, na haziwezi kupenya mafuta. Zinapita milangoni tu, na kila aina ina milango yake.

Mpaka huo haujipangi wenyewe. Kwenye utando kuna pampu ndogo zinazosukuma sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2, tena na tena, maisha yote. Jens Skou wa Denmark ndiye aliyezigundua mwaka 1957, na tuzo ya Nobel ikamfikia miaka 40 baadaye, mwaka 1997. Pampu zinakula nguvu nyingi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Ndiyo sababu mtoto mwenye malaria kali anapopungukiwa sukari mwilini anaweza kupata degedege: mafuta ya pampu yamekwisha. Ukimwona muuguzi anamtoboa mtoto kidole kupima sukari kabla ya kumpa kitu kingine, usimkasirikie kwamba anachelewesha.

Potasiamu kidogo huvuja kutoka ndani kupitia vijitundu vyake, na kwa hiyo ndani ya seli iliyotulia hubaki hasi kuliko nje, kwa takriban milivolti 70. Betri moja ya tochi ina milivolti 1500. Seli moja basi ina kama sehemu moja ya ishirini ya betri hiyo, na inakaa nayo tayari, kama upinde uliokwisha vutwa.

Ishara inapofika, tofauti ile hupungua kidogo. Ikishuka kutoka 70 hadi karibu 55, milango ya sodiamu hufunguka kwa ghafla na umati uliokuwa nje ukaingia. Kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndani ya seli hugeuka kuwa chanya. Mara milango ile hujifunga kwa komeo, potasiamu ikatoka, na hali ikarudi ilivyokuwa. Lakini vurugu za lango hili zimeshaamsha lango la jirani, na la jirani limemwamsha mwenzake, na hivyo ishara inakimbia mbele kwenye uzi wa neva bila kurudi nyuma, kwa sababu lango lililotoka kufunguka bado lina komeo. Kwenye nyuzi nene zilizofunikwa kwa mafuta mwendo unafika mita 100 kwa sekunde na zaidi. Kwenye nyuzi nyembamba zisizofunikwa hauzidi mita 2. Ukigusa sufuria ya moto, mkono hutoka kwanza, maumivu yanayochoma polepole hufuata baadaye. Umeshaupima mwendo wewe mwenyewe jikoni.

Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, ndio walioingiza waya ndani ya uzi wa neva wa ngisi huko Plymouth mwaka 1939 na kuona umeme huo ukigeuka. Ngisi ana uzi mnene hadi kufikia milimita moja, unaonekana kwa macho, ndiyo maana walimtafuta yeye. Vita vikawakatiza, maelezo kamili wakayachapisha mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapewa Nobel pamoja na John Eccles.

Mwisho wa uzi, umeme unageuka kuwa kemikali inayoruka kwenye ufa mdogo hadi seli ya pili. Baadhi ya kemikali humwambia jirani "amka", nyingine humwambia "tulia". Ubongo mzima unaishi kwenye mizani hiyo. Mizani ikiinama kupita kiasi upande wa kuamka, kundi la seli huanza kupiga pamoja, likawavuta na majirani, na mtoto anaanguka. Hicho ndicho kifafa. Hakimrukii mtu kwa mate, wala kwa kumgusa, wala kwa kukanyaga mahali alipoangukia. Hakuna chembe ya sodiamu inayotoka kwenye ubongo wa mtoto mmoja ikaingia wa mwingine.

Nimeyaeleza ya milango kwa urefu kwa sababu vidonge vinafanya kazi pale pale. Kabamazepini hukaa kwenye mlango wa sodiamu na kuchelewesha komeo lisitoke upesi, kwa hiyo seli haiwezi kupiga mfululizo kwa kasi. Fenobabitoni huimarisha upande wa "tulia": inaishikilia wazi zaidi milango ya kloridi, na seli inazidi kuwa hasi na ngumu kuamshwa. Dawa hizi haziui kitu kama ya malaria inavyoua vimelea. Ni walinzi wa zamu. Zamu ikikosa mlinzi, lango liko kama lilivyokuwa mwanzo, au baya zaidi, kwa sababu ubongo ulikuwa umeshamzoea.

Fenobabitoni ina jambo moja la kuwa macho nalo. Inakaa mwilini siku nyingi. Mtu akiiacha leo, nusu yake huenda bado iko kwenye damu siku ya nne, na wiki nzima inaweza kupita bila kuanguka. Familia inasema amepona. Halafu wiki ya pili anaanguka, anazinduka kidogo, anaanguka tena, na kuanguka kwa mfululizo kunaua. Nimeona nyumba ikilia kwa sababu hiyo. Basi usingoje chupa iishe ndipo utafute nauli. Vikibaki vidonge vya wiki moja, anza safari. Na usiongeze dozi kwa kubahatisha ati kwa sababu leo ameanguka mara mbili. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, madaktari walijaribu kuwapa watoto wenye malaria ya ubongo dozi kubwa ya fenobabitoni ili kuzuia degedege; degedege ilipungua kweli, lakini vifo vikawa takriban mara mbili, kwa kuwa dawa iliyotuliza ubongo ilituliza na pumzi. Ilitokea mikononi mwa madaktari waliokuwa wakiangalia kila saa. Nyumbani hakuna wa kuangalia hivyo.

Kama mgonjwa ni binti aliyekaribia kuvunja ungo au mwanamke anayeweza kushika mimba, na amepewa valproeti, mwulize daktari kama kuna dawa nyingine inayomfaa, maana hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Uliza, usiiache mwenyewe. Na akianza kabamazepini halafu ngozi ikatoka vipele, rudi siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye karatasi ya yule mama.

Fikiria uko nje ya ua, nyuma ya uzio, na ndani wanawake mia moja wanatwanga mihogo, kila mmoja na kinu chake. Humwoni hata mmoja. Kama kila mtu anatwanga kwa mwendo wake, unasikia mvumo tu. Kama kumi wa upande wa karibu wakipiga michi pamoja, unaanza kusikia mdundo. Na wote wakipiga pamoja, ardhi inatikisika hadi ulipo. Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho hospitalini utakisikia kikiitwa EEG, ni mtu aliyesimama nyuma ya uzio. Uzio ni mfupa wa fuvu na ngozi ya kichwa. Hasikii seli moja. Zinahitajika seli nyingi mno, maelfu kwa maelfu, zinazoamka na kutulia kwa wakati mmoja, ndipo sauti ivuke mfupa. Na inapovuka imekuwa hafifu: kati ya maikrovolti 10 na 100 hivi. Betri ile ya tochi ina nguvu mara 15,000 kuliko wimbi la maikrovolti 100.

Mjerumani Hans Berger, daktari wa akili mjini Jena, ndiye wa kwanza kuusikia mdundo huo kwa binadamu, mwaka 1924, kwa kijana wa miaka 17 ambaye sehemu ya fuvu lake ilikuwa imeondolewa kwa upasuaji. Alisubiri miaka 5 kabla ya kuchapisha, kwa kuogopa kwamba anadanganywa na mapigo ya moyo au mtikisiko wa misuli. Akampima na mwanawe mwenyewe mara nyingi. Aligundua jambo ambalo utaliona hata leo kwenye karatasi ya mwanao: mtu akifumba macho na kutulia, nyuma ya kichwa hutokea mawimbi mazuri ya mara 8 hadi 13 kwa sekunde, na akifumbua yanapotea. Seli za kuona zikikosa kazi hutwanga pamoja. Kazi ikija, kila moja inashika mwendo wake. Usingizini mawimbi hupungua kasi hadi chini ya mara 4 kwa sekunde, nayo huwa makubwa. Na mwaka 1935 huko Boston walionyesha kwamba watoto wanaozubaa ghafla kwa sekunde chache, wakaonekana darasani kama wakaidi, wana wimbi lenye ncha linalorudi mara 3 kila sekunde. Nikikumbuka wanafunzi niliowagombeza kwa kuzubaa, moyo unanisononeka.

Kwa hiyo karatasi inasema nini inaposema hakuna kasoro? Inasema kwamba katika nusu saa ile, nyuma ya uzio ule, hapakusikika mdundo mbaya. Basi. Haisemi kwamba jana jioni hakuanguka. Kipimo cha kwanza hukamata dalili kwa karibu nusu tu ya wenye kifafa. Wakipimwa tena, na hasa wakipimwa usingizini, wengine huonekana. Na kuna watu wazima wa afya, hawajaanguka maisha yao yote, wenye mawimbi yanayotia shaka. Daktari mzuri hatoi dawa kwa karatasi peke yake, wala hainyimi familia dawa kwa karatasi peke yake. Kifafa kinajulikana kwa simulizi ya aliyeshuhudia: kuanguka mara mbili au zaidi, kwa siku tofauti, bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Degedege la homa kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 ni jambo jingine, ingawa nalo linataka hospitali, hasa huku kwetu ambako homa mara nyingi ni malaria.

Je, basi kipimo hakina maana? Kina maana kubwa kikiulizwa swali lake. Kule Kilifi, watoto waliokuwa wamezimia kwa malaria waliwekewa waya kichwani, na baadhi yao wakakutwa katikati ya degedege ingawa mwili ulikuwa umelala: kidole tu kikichezacheza, mate yakitoka, macho yakiyumba upande. Ng'ambo ya Naili, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, watoto walikuwa wakitikisa kichwa wanapowekewa chakula, na watu wakasema mengi. Mwaka 2009 walipopimwa, ilionekana kwamba kila kichwa kinapoanguka mbele, ubongo unapiga kwa mpigo wa kifafa na misuli ya shingo inaachia. Akina mama walikuwa wameeleza sawasawa tangu mwanzo, kipimo kiliwathibitisha. Na kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 1960 mwanzoni, daktari Louise Jilek-Aall aliwaona watoto wa namna hiyo Mahenge, Tanzania, akawatibu kwa vidonge bila mashine yoyote ya umeme, kwa kusikiliza na kuandika.

Ukiambiwa uende kupimwa, uliza kwanza: mashine inafanya kazi wiki hii? Nani ataisoma, na majibu yatachukua siku ngapi? Tunataka kujua nini ambacho kitabadilisha dawa? Swali hilo la mwisho liulize kwa heshima lakini liulize. Katika kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, kama ilivyo sehemu nyingi za Uganda, wanaohudumia kifafa ni wale wale wa magonjwa ya akili. Usikasirike ukielekezwa huko. Hakuna aliyesema mwanao ni mwendawazimu.

Kama safari ni ya Kampala, kutoka Arua ni karibu kilomita 500, na mabasi mengi huenda usiku kupitia Pakwach na Karuma. Mtu mwenye kifafa asiyelala usiku ameongezewa hatari, kwa sababu ubongo uliochoka huinama upesi upande wa kuamka. Nakushauri usafiri mchana, ulale kwa ndugu, uende hospitali siku ya pili. Ukilazimika usiku, mkalishe ndani upande wa dirisha, mtu mzima akae ubavuni mwake, na vidonge viwe mfukoni mwako, kamwe visiwe kwenye mzigo wa buti. Hospitali nyingine huagiza mtoto alale kidogo makusudi ili asinzie kwenye kipimo. Hilo fuata pale tu ulipoagizwa. Vidonge vya asubuhi mpe kama kawaida isipokuwa daktari amesema vinginevyo, na ale, maana njaa hubadilisha mawimbi.

Nywele ni jambo ambalo kina mama hawaambiwi hadi wamefika. Vipande vidogo vya chuma, elektrodi, kama 20 hivi, hubandikwa kichwani kwa vipimo maalumu kutoka paji la uso hadi kisogoni. Mafuta ya nywele huvizuia kushika, na misuko iliyobana huvizuia kufika kwenye ngozi. Basi fumua, osha kwa sabuni usiku wa kabla, usipake kitu. Kama hospitali inakubali, misuko iliyoacha njia pana katikati inaweza kufaa, lakini uliza kabla ya kulipa msusi. Mwambie mtoto mapema kwamba atapakwa uji mzito wa baridi kichwani, atafumba na kufumbua macho, atapumua kwa kasi dakika chache, na taa itamwakia kwa kumetameta. Mambo hayo mawili ya mwisho yanaweza kuleta dalili, na ndiyo nia yake, mbele ya watu wanaojua la kufanya.

Mashine haiingizi umeme kichwani, inausikiliza tu. Haisomi mawazo, haifuti akili, na haina miale. Wazee wetu wa Koboko, Yumbe na Omugo wanakumbuka enzi za malale, mbung'o walipokuwa wakali na mgonjwa akatolewa maji ya uti wa mgongo ili ijulikane kama vimelea vimefika kwenye ubongo. Uganda ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa imeitokomeza malale ya huku kama tatizo la afya ya jamii, lakini hofu ya sindano ile imebaki. Kipimo hiki cha umeme hakina sindano. Usimkimbize mtoto.

Omba nakala ya majibu uende nayo nyumbani. Lakini chombo cha thamani zaidi unaweza kukinunua Koboko leo, nacho ni daftari. Andika siku, saa, alikuwa akifanya nini, alilala vizuri au la, alimeza dawa au la, alianza kukakamaa upande gani, macho yalikwenda wapi, ilichukua dakika ngapi, aliamka vipi. Upande ulioanza una maana kubwa kwa daktari. Kama kuna mtu mwingine wa kumshika mtoto, wewe piga video kwa simu, dakika moja inatosha. Huku si kumdhalilisha; ila usiitume kwa majirani, mwonyeshe daktari tu.

Na anapoanguka, mvute mbali na moto, mlaze ubavu, weka kitambaa chini ya kichwa, legeza kola, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimpake mafuta ya taa puani, usimshikilie kwa nguvu. Ikipita dakika 5 bila kukoma, au akianguka tena kabla hajazinduka, piga simu kwa boda boda au gari, mwende hospitali. Vidonda vingi nilivyoviona havikutoka kwenye kifafa, vilitoka kwenye mafiga. Inua jiko lako, lizungushie udongo. Asiteke maji mtoni peke yake, asipande mwembe, na kijana mwenye kifafa asiendeshe boda boda hadi daktari aseme.

Kuhusu chanzo, nitasema machache. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, malaria iliyopanda kichwani, jeraha la kichwa, tegu wa nguruwe aliyeingia ubongoni kupitia mikono na maji yenye kinyesi, haya yote huacha kovu ambalo seli za jirani yake hupiga ovyo. Maeneo ya mito ya kasi yaliyokuwa na usubi mwingi yamekuwa na kifafa kingi pia, Mahenge na kaskazini mwa Uganda, kwa hiyo zamu ya dawa ya usubi ikifika kijijini, wote wanaoruhusiwa na wahudumu wameze. Choo, chandarua na kujifungulia kwenye kituo cha afya navyo ni ulinzi wa ubongo, ingawa hakuna anayeviita hivyo.

Yule mama alirudi kwangu baada ya miezi mitatu. Safari hii karatasi ilikuwa ndani ya daftari, na kwenye daftari alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema, mara 6 binti alipoanguka. Nne kati ya hizo zilikuja asubuhi baada ya usiku wa kukesha, moja baada ya kukosa vidonge. Afisa aliyemhudumia alisoma daftari kabla ya kuitazama karatasi, akabadilisha saa za dawa na kiasi chake.

Iliyobaki ilikuwa shule, maana alikuwa ameondolewa darasani kwa hofu kwamba atawaambukiza wenzake. Nilikwenda pamoja na mama kwa mwalimu wake wa darasa. Tulikubaliana binti akae safu ya mbele karibu na ukuta, asitumwe kisimani, asinyimwe michezo, na akizubaa aguswe begani kwa upole badala ya kugombezwa. Wasichana wawili wa dawati lake walifundishwa kumlaza ubavu, na mmoja alipewa saa ya mkononi ya kuhesabia dakika.